Wa Tatu Kutoka Kushoto

Shangazi yangu amewapanga watu zaidi ya elfu nne katika maisha yake, na sijui hata mmoja aliyemshukuru. Simaanishi kuwapanga kwa kuwashika mabega na kuwasogeza, hiyo ilikuwa kazi ya mpiga picha. Yeye aliwapanga kwa maandishi. Alikuwa karani wa kumbukumbu katika kiwanda cha viatu, na kila mwaka, idara zote zilipopigwa picha uani, yeye alisimama kando ya kamera na daftari lake akaandika nani yuko wapi. Alifanya hivyo miaka thelathini na moja. Ukikuta picha ya kiwanda kile, na chini yake pameandikwa "Waliosimama nyuma, kutoka kushoto," ujue huo ni mkono wake.

Wafanyakazi walimwita Kutoka Kushoto. Walimwita hivyo akiwa hayupo. Akiwepo walinyamaza wakavuta matumbo ndani.

Najua utasema, hiyo nayo ni kazi? Mimi pia nilisema, nikiwa na miaka kumi na tisa na mdomo mwepesi, nikapewa somo la saa nzima ambalo sikuliomba. Kwanza, kushoto kwa nani? Ukisema "yule wa kushoto," aliye ndani ya picha atafikiria mkono wake, na wewe unayetazama utaangalia upande wako, na hapo mmeshapotezana mkiwa wazima wote wawili. Kwa Shangazi, kushoto ni kwa mtazamaji, basi. Aliyepigwa picha hana kushoto. Halafu safu: unaanza na waliosimama nyuma, wanafuata waliokaa, wa mwisho ni waliochuchumaa. Kila mwaka alikuwepo fundi mmoja wa mitambo aliyejilaza mbele ya wenzake kwa ubavu, kichwa ameegemeza kiganjani, na kila mwaka Shangazi aliandika, "Aliyelala, bila kuombwa," akafuatisha jina lake kamili.

Alikuwa na sheria kwa kila hali. Mtu aliyefichwa nusu na mwenzake aliandikwa "anayeonekana kwa sehemu." Aliyefichwa kabisa, ikabaki kofia tu, aliandikwa vilevile, na jina lake. "Ameamka asubuhi, amepiga pasi shati, amekuja," aliniambia. "Yupo." Na kwenye daftari lake, pembeni ya kila jina, aliweka alama za siri yake mwenyewe: kafumba, kacheka, kageuka. Kama filamu ilikuwa bado ipo, picha ilirudiwa. Kama ilikwisha, aliyegeuka alikaripiwa hapohapo, na daftari likaandika kwamba amekaripiwa.

Kulikuwa na meneja aliyetaka aandikwe "katikati." Safu ilikuwa na watu wanane. Shangazi akamwambia watu wanane hawana katikati, labda akasimame baina ya mabega mawili. Meneja alihamishwa baada ya mwaka, Shangazi akabaki, na tangu siku hiyo hata wakubwa walisimama walipoambiwa.

Katika miaka yote hiyo hakuna mtu aliyewahi kuja ofisini kwake kulalamika kwamba ameandikwa mahali pa mwenzake. Shangazi aliichukua hiyo kuwa ushahidi wa kazi safi. Aliisema kwenye harusi, kwenye misiba, aliisema hata kwa daktari wa meno akiwa ameachama.

Nyumbani hakubadilika. Nilipomleta mchumba wangu pamoja na kaka zake na marafiki zake, kundi la vijana sita kwenye makochi yetu, Shangazi alinivuta jikoni akaniuliza kama wangu ni yule wa pili kutoka kushoto, anayejificha nyuma ya wenzake. Ndiye. Tuliachana baada ya miezi minne, na sababu ni hiyohiyo.

Mwaka mmoja baada ya yeye kustaafu, kiwanda kilifungwa. Alisikia kwamba karatasi za ofisini zitachomwa moto, akakodi mkokoteni, akaenda mara mbili. Ndiyo maana ukumbini kwetu kuna masanduku kumi na moja ya picha, na mimi, ninayeishi naye na ninayeendesha kibanda cha fotokopi nyumba ya tatu kutoka hapa, hupita ubavu-ubavu kwenda chumbani kwangu. Nimeligonga sanduku la idara ya kukata ngozi kwa kidole gumba cha mguu mara nyingi mpaka najihesabu mmoja wao.

Basi, Jumatano moja alasiri akaja fundi wa mapazia.

Tulikuwa tunamfahamu. Ni mama wa makamo, mpole, mwenye futi ya kupimia shingoni hata siku asiyofanya kazi. Mapazia ya kibanda changu ni yeye aliyeyashona. Alikuja na fremu kubwa ameifunika kwa foronya, na mkononi ana kitabu cha miaka hamsini ya kiwanda, kile kilichotolewa mwaka ule Shangazi aliostaafu. Akaketi ukingoni mwa kochi, akaeleza shida yake bila kupamba.

Baba yake alifanya kazi kiwandani, idara ya gundi, miezi saba tu. Akaugua, akafariki, yeye mtoto hajatimiza mwaka. Mama yake naye akafariki yeye akiwa na miaka sita. Akalelewa na mama yake mkubwa, ambaye hakuwahi kumwona huyo shemeji yake hata siku moja. Picha hakukuwa nayo, wala moja. Alikua anajua jina la baba yake na ugonjwa uliomuua, zaidi ya hapo giza tupu. Mpaka alipotimiza miaka ishirini na saba, mteja mmoja akasahau kitabu hiki kwenye meza yake ya kushonea, naye akakifungua tu apoteze muda. Ukurasa wa sitini na tatu, idara ya gundi, waliosimama nyuma, watu sita, na wa tatu kutoka kushoto jina la baba yake, herufi kwa herufi.

Aliupeleka ukurasa ule studio. Wakamtoa yule wa tatu peke yake, wakamkuza, wakamtia kwenye fremu. Ana miaka kumi na moja ukutani. Kitinda mimba wake amempa jina lake. Alituambia, bila aibu, kwamba kila asubuhi kabla hajagusa cherehani humwamkia, humweleza wateja wasumbufu ni akina nani, na mwaka ule mumewe alipomwacha alikaa mbele yake siku mbili.

Akafunua foronya. Mwanamume wa haja: sharubu zimechongwa, kidevu juu, kidole gumba kimeingizwa kwenye mkanda wa aproni. Huyo alijua kwamba anapigwa picha. Pembeni yake, kwenye ukingo wa fremu, kulibaki bega la mtu mwingine. Alisema alimwomba yule wa studio aliondoe, akaambiwa likiondolewa lote na mkono wa baba utaondoka. "Ni la jirani tu," akasema. "Nimelizoea."

Shida ni jua. Dirisha la pale anaposhonea linapokea jua la asubuhi, na nusu ya uso imeanza kuwa njano. Kitinda mimba amemuuliza kama babu anaondoka. Kwa hiyo alikuja kuomba picha ya asili, kama ipo, itolewe upya, safi, abaki na uso wa baba yake. Hakuomba kingine.

Shangazi alifurahi, na Shangazi akifurahi huwa mkali. Aliniamuru sanduku la tano, bahasha ya kahawia, na daftari la mwaka ule, na nisiguse picha kwa vidole vyenye wino. Akaiweka picha ya asili mezani, kando ya ukurasa wa sitini na tatu. Akavaa miwani.

Alivua miwani, akavaa ile nyingine, akachukua na lenzi. Akafungua daftari, akafuatisha mstari kwa kidole. Kisha akaniambia nilete chai, na chai ilikuwa mbele yake, inatoa mvuke.

Mwishowe alimwambia mgeni aache vitu vyote pale, arudi Ijumaa, kwamba picha inahitaji kutengenezwa. Shangazi hakuwahi kusema uongo kazini. Huo ulikuwa wa kwanza, na aliusema vibaya, akitazama dari. Fundi wa mapazia alishukuru, akaiaga fremu kwa macho, akaenda zake.

Mlango ulipofungwa nikamuuliza kuna nini. Akaniambia nitazame mifuko.

Aproni za kiwanda zilikuwa na mfuko mmoja kifuani, upande wa moyo, wa kuweka penseli. Kwenye picha ya asili, watu wote wa idara ya gundi wana mfuko upande wa moyo. Kwenye kitabu, watu wote kumi na tano wana mfuko upande wa pili. Mchapaji alikuwa ameilaza filamu kinyumenyume, picha ikatoka imegeuka, wa kushoto wakahamia kulia na wa kulia wakahamia kushoto. Maandishi ya Shangazi chini yake yalikuwa sahihi, neno kwa neno. Watu ndio waliohama.

Na kwenye safu ya watu sita, ukiigeuza, wa tatu anakuwa wa nne, na wa nne anakuwa wa tatu. Walikuwa wamesimama bega kwa bega.

Tuligeuka wote wawili tukalitazama lile bega kwenye fremu.

Mambo hayakuishia hapo. Kurasa za kitabu zililetwa kwa Shangazi azikague kabla hazijachapwa. Picha mia mbili na arobaini. Ukurasa wa sitini na tatu aliukagua siku ileile aliyoagwa, watu wakimsubiri ukumbini na soda zinapata moto. Alitazama majina, majina yalikuwa sawa, akaandika "Sahihi kabisa" na kutia saini yake. Nakala ya ukurasa huo ilikuwemo kwenye bahasha. Aliishika mkononi muda mrefu.

Nikauliza, na huyu mwenye sharubu ni nani? Akasema, "Filimbi."

Nilikaa chini. Filimbi namjua. Zamani ndiye aliyepuliza filimbi ya kubadilisha zamu, siku hizi anatengeneza viti nyuma ya kituo cha mafuta, na yuko hai kabisa. Wiki iliyopita alikuja kibandani kwangu kutoa fotokopi ya kitambulisho, akanung'unika kwamba nimemtoa mweusi. Miaka kumi na moja mtoto wa watu anamwamkia Filimbi kila asubuhi kama marehemu. Nilicheka, Mungu anisamehe. Shangazi hakucheka.

Nilipomaliza kucheka nikamtazama baba mwenyewe kwenye picha ya asili, na kicheko kikanikauka. Wenzake wote wameikazia macho kamera. Yeye amegeuka. Kijana mwembamba, shingo ndefu, kichwa kimetikisika wakati kamera inalia, kwa hiyo hata upande unaoonekana una ukungu. Unaona sikio. Unaona shavu, ukijitahidi. Uso hakuna. Kwenye daftari, mkono wa Shangazi wa miaka thelathini na minane iliyopita: "Wa tatu kageuka. Filamu imekwisha. Nimemkaripia." Nilimuuliza aligeuka kwa nini. Hakukumbuka. Alikumbuka tu kwamba aliudhika.

Hapo tukagombana. Mimi nilisema amwache yule mama na baba yake. Tungeisafisha picha ya Filimbi, ningeitoa mimi mwenyewe kwenye mashine yangu, sharubu zing'ae, na hakuna ambaye angejua. Yeye akasema huyo si baba yake. Nikamuuliza anaenda kumpa nini badala yake, sikio? Akasema anaenda kumpa baba yake. Nikapandwa na hasira, nikamwambia ukweli wangu: kwamba anatetea kazi yake, hamtetei huyo marehemu wala binti yake, na kwamba anataka kumvunja mtu moyo ili daftari lake libaki safi.

Nilitegemea anifokee. Alifunga daftari akasema, "Labda." Kisha akaenda kuanua nguo, na tangu hapo mpaka Ijumaa tulisemezana habari za chumvi na umeme tu.

Ijumaa fundi wa mapazia alikuja mapema. Shangazi alimweleza akiwa amesimama, mikono nyuma, bila kuzunguka. Alisema kosa lilikuwa la mchapaji, na jukumu la kuliona lilikuwa juu yake yeye, naye alitia saini. Alisema aliye kwenye fremu si baba yake.

Yule mama alitabasamu kwanza, vile mtu anavyotabasamu akiambiwa jambo na mzee aliyechanganyikiwa. Akasema haiwezekani, mwanawe wa pili amechukua pua hii hii. Mimi nikatazama sakafu. Shangazi hakubishana kuhusu pua. Alimsogezea picha mbili, akamwomba atazame aproni.

Na hilo ndilo lililommaliza, kwa sababu angekuwa muuza samaki au mwalimu tungeshinda pale mpaka magharibi. Mshonaji huwezi kumdanganya kwa mfuko. Aliweka kidole juu ya mfuko wa kwanza, wa pili, wa tatu, akaenda safu nzima, akahamia waliokaa, akahamia waliochuchumaa. Kidole chake kilizidi kwenda polepole. Kisha akakishusha kwenye picha ya asili, kwa yule kijana aliyegeuka, akakiacha hapo.

"Mama, ungeniacha tu," akamwambia Shangazi.

"Ningeweza."

"Sasa kwa nini hukuniacha?"

"Kwa sababu alikuwepo pale. Alikuwepo, na wewe ulimkata ukamwacha bega, na mimi ndiye niliyekukabidhi mkasi."

Yule mama alilia, lakini si sana, na alilia kwa hasira. Alisema amepoteza baba mara mbili, na mara hii ya pili ni mbaya zaidi kwa sababu huyu alikuwa anamjua. Nilimchukia Shangazi dakika ile, nasema wazi. Kisha akajifuta kwa ncha ya futi yake, akauliza huyo mwenye sharubu ni nani. Shangazi akamwambia. Akauliza alikufa lini. Shangazi akamwambia hajafa.

Alisimama, akaifunga fremu kwenye foronya, akasema tumpeleke kwake.

Filimbi tulimkuta anagongea mguu wa kiti, misumari mdomoni. Sharubu hana tena, na kidevu kimeshuka, lakini kidole gumba kilikuwa kimeingia kwenye mkanda mara tu alipowaona wanawake watatu wanakuja kwake. Shangazi akampa habari nzima. Alisikiliza, akatema misumari mkononi, akaitazama fremu iliyofunuliwa kwa muda mrefu. Alisema alikuwa akijiuliza uzuri wake ulikwenda wapi, kumbe uko kwa watu.

"Miaka kumi na moja nakueleza matatizo yangu," fundi wa mapazia akamwambia.

"Nilikujibu nini?"

"Hukunijibu kitu."

"Ndivyo nilivyo," Filimbi akasema. "Muulize mke wangu."

Yule mama alitoa sauti fulani puani ambayo haikuwa kilio. Filimbi akamvutia kiti kizima, akamfutia vumbi kwa mkono.

Shangazi akamuuliza kama aliwahi kukiona kitabu. Alikiona. Alijua kwamba picha imegeuka? Alijua siku ileile, alikuta ameandikwa kwa jina la marehemu, akakiweka kitabu mbali na kitanda. Wawili wengine wa safu ile walikuwa bado hai mwaka huo, nao waliona pia. Walikutana wote watatu wakajadili nani akamwambie.

"Kwa nini hamkuniambia?"

Filimbi alimtazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini hakuingiza mkono kwenye moto. "Wewe? Nani angekuambia wewe?"

Shangazi alikaa kwenye kiti kilichokuwa kinatengenezwa. Kilikuwa na miguu mitatu na akakaa vivyo hivyo, ameegemea ukuta. Miaka yote ile ya kutolalamikiwa, na ilikuwa ni woga tu. Nilimwonea huruma, na papo hapo niliona amestahili, na sikujua nishike lipi.

Fundi wa mapazia alikuwa hana habari naye. Alitoa picha ya asili kwenye bahasha, akamshikisha Filimbi, akamwuliza alikuwaje, huyu. Filimbi alisema walifahamiana miezi saba tu, asije akamdanganya. Alikuwa mtu wa kimya, mwenye mikono mizuri; alipaka gundi bila kuchafua ngozi, na mpaka leo hajamwona mwingine. Alikuwa anamaliza chakula chake upesi ili apate muda wa kukaa jua. Alikopesha penseli bila kuzidai. Yule mama alisikiliza kila kitu akiwa ameinamisha kichwa, akatikisa, akasubiri. Filimbi alijikuna, akasema basi, ni hayo. Halafu akaitazama tena picha.

"Hapa alipogeuka ni mimi niliyemponza," akasema.

Alieleza kwamba walikuwa wameshajipanga, wamebana pumzi, na huyu Kutoka Kushoto ameshamaliza kuandika. Jina hilo lilimtoka mbele ya mwenyewe bila hata kujua. Mke wa kijana alikuwa amefika getini kufuata ufunguo wa nyumba, ana mtoto mgongoni, na mtoto analia kama anachunwa. Watu wote walisikia, hakuna aliyethubutu kutikisika. Filimbi akamnong'oneza kwa pembe ya mdomo, wako huyo. Yule kijana akageuka, na kamera ikalia. Akakaripiwa mbele ya idara nzima, na alipokuwa anakaripiwa bado alikuwa anatazama getini.

"Mtoto yupi?" yule mama akauliza.

Filimbi hakuelewa swali. "Alikuwa na mmoja tu," akasema.

Tulirudi nyumbani kwa miguu, watu watatu. Kibandani kwangu nilimtolea picha ile nzima, kubwa kadiri mashine yangu inavyoweza, watu wote kumi na tano na mifuko yao upande wa moyo. Nilimuuliza kama nimkate baba peke yake. Akasema nisimguse mtu yeyote. Shangazi alijitolea kumwandikia maelezo chini, kwa mkono wake, bila malipo. Yule mama akakataa kwa adabu.

Mwezi uliofuata nilikwenda kwake kuchukua mapazia. Picha iko ukutani, mbali na dirisha. Alikuwepo mteja mwingine, mwanamke mmoja mwenye haraka, anasubiri kupimiwa, akawa anaitazama tu kwa kukosa la kufanya. Akacheka kidogo, akasema kila picha ya kundi lazima awepo mmoja wa kuiharibu, na huyu pale nyuma alikuwa anaangalia nini, wenzake wote wametulia?

Fundi wa mapazia hakuinua uso kwenye cherehani. "Huyo ni baba," akasema. "Mimi nilikuwa nalia."